Machela Haitoki Tupu

Luqmani alisema wote waliokuja kuliangalia lile gari walipiga teke tairi, wakafungua boneti, wakaguna, wakaondoka. Mimi peke yangu nilikuja na mtungi.

"Wa gesi huo?" aliuliza.

"Wa naitrojeni. Ndani kuna mbegu za madume."

Alirudi nyuma kidogo. "Madume gani, dada?"

"Ya ng'ombe."

"Alhamdulillahi," alisema, na mama yake, Bi Kuluthumu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa ushungi.

Tulikuwa uani kwao, nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi, Biharamulo mjini. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la juu, la kijivu, la aina ile ambayo walimu wakuu na wanunuzi wa maharage huipenda, kwa sababu linapita kwenye makorongo na Jumapili unaliegesha mbele ya kanisa bila aibu. Lilikuwa limetumika Japani, likatumika Mwanza, kisha likatumika hapo kubebea misumari na Bi Kuluthumu. Nililizunguka, nikarudi nilikotoka, nikalizunguka tena. Sikuweza kusimama mahali pamoja. Kila simu ilipotetemeka mfukoni nilidhani ni mfugaji.

Kazi yangu ni kuhimilisha ng'ombe. Mfugaji hunipigia ng'ombe wake akiwa kwenye joto, nami natakiwa nifike na mbegu kabla joto halijapita. Likipita, tunasubiri lingine, na watoto wa nyumba ile wanasubiri maziwa. Nilikuwa nikiifanya kazi hiyo kwa pikipiki, mtungi nimeufunga nyuma kwa mipira, na mtungi wa namna ile hautaki kulala. Kwenye mteremko wa kwetu Mabawe uliwahi kuanguka, naitrojeni inayozihifadhi mbegu kwa baridi kali ikamwagika ikawa moshi mweupe barabarani, na wanawake waliokuwa wakitoka shambani wakatupa majembe wakakimbia wakidhani ni bomu. Mbegu zote zilikufa. Nyingine zilikufa polepole, kwa mitikisiko, bila mimi kujua, na wafugaji wa Murukulazo wakangoja ndama ambao hawakuwahi kuwapo.

Kisha umoja wao ukaniita. Msimu huu ng'ombe wakikosa tena, walisema, tunarudi kwa madume yetu, nawe Dokta utafute kazi nyingine. Walisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nilipomaliza chuo Morogoro, wenzangu walipobaki kutafuta ofisi, mimi nilirudi nikiamini kwamba kabla sijazeeka kila nyumba kwenye vilima vyetu itakuwa na ng'ombe mmoja wa kujaza ndoo. Bado naamini hivyo. Ila imani haimfikishi mtu Murukulazo wakati wa mvua.

"Nipeleke kwenye barabara mbovu kuliko zote unazozijua," nilimwambia Luqmani.

Tukaufunga mtungi kwa kamba kwenye buti, nikashika usukani, tukatoka mji kuelekea upande wa msitu. Yeye alisikiliza injini kwa niaba yangu. Mimi nilisikiliza mtungi. Kwenye mashimo ulinung'unika, kwenye korongo uligonga mara moja, lakini tuliposimama nikafungua buti, ulikuwa wima, kifuniko mahali pake, ubaridi ndani umetulia.

"Shokapu ya nyuma kulia imechoka," Luqmani alisema. "Kiyoyozi ni cha kutazama tu. Mengine ni mazima. Nakuambia sasa ili usije ukanitaja vibaya huko Ngara, tuna ndugu wengi huko."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Bei tulielewana bila kugombana sana. Alipokuwa akitafuta kadi ya gari, Bi Kuluthumu aliniita niketi karibu naye.

"Umeolewa, mwanangu?"

"Bado, Bibi."

"Basi leo umeolewa na hili. Ila nikuambie, gari ni mume mwenye ndugu wengi."

Nilicheka kwa adabu. Nilikuwa nimeshasimama.

Kutoka Biharamulo hadi Ngara sikuwasha redio. Kila kilima kilinisikilizisha mlio mpya. Nilipita Lusahunga, nikapita Nyakahura, nikakaa nyuma ya malori ya kwenda Rwanda yanayopanda kama yamefungwa pingu, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaruka kwenda nyuma, kana kwamba ungeufikia kule kwenye buti mtungi ambao haukuwa umefanya lolote. Nilipofika nyumbani jioni, mama yangu, Adelfina, alilitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Kula kwanza." Nilikula nikiwa nimesimama dirishani.

Kesho yake alasiri nilisikia wanaume wakiimba kwenye njia ya kupanda kwetu. Walikuwa wa chama cha machela.

Kilima chetu kiko mbali na zahanati. Kuna bonde, mto mdogo, na mpando mrefu. Tangu babu zetu, mgonjwa hubebwa kwa machela ya mianzi iliyosukwa, yenye miti miwili mirefu, watu wanne kwa zamu. Kila nyumba hutoa bega. Filimbi ikipulizwa, anayeisikia huacha jembe lilipo. Asiyekuja, siku akiugua yeye, watu wake hutoa kwanza pombe ya ndizi na maneno ya kuomba radhi, ndipo abebwe. Mwenyekiti wao ni Mzee Bizimana, na machela ilikuwa ikitunzwa kwake, chini ya paa la jikoni.

Siku hiyo waliileta kwetu. Ndani yake alikaa Bibi Generoza, mzee kuliko wote kilimani, haumwi chochote, anapunga mkono kama askofu. Wakamshusha uani karibu na gari. Minani, jirani yetu wa bondeni, ambaye tulisoma pamoja mpaka darasa la saba, akajifuta jasho.

"Bibi ana mifupa ya chuma huyu," alisema.

"Na wewe una bega la siagi," Bibi Generoza akamjibu.

Mzee Bizimana akavua kofia. "Dokta Ildefonsa, mwanangu. Mabega yetu yamezeeka. Mungu ametuona. Kuanzia leo machela imepata miguu ya mpira. Itunze wewe."

Waliitundika kwenye boriti za baraza yetu, wakapiga makofi, wakanywa alichowapa mama. Nilitokwa na machozi. Nilifikiri ni heshima kubwa kuliko cheti changu. Walipoondoka, mama alibaki akiitazama ile miti miwili iliyotokeza nje ya baraza.

"Unajua umepokea nini?"

"Kilima kimeniamini, mama."

"Unajua kwa nini wamempandisha Generoza?"

Nilijua, kila mtoto wa kwetu anajua. Machela ikiitwa, hutoka tupu, kwa sababu mtu wake anajulikana na anangoja. Ikirudi kutoka zahanati inarudi, haitoki. Lakini ikitoka kwenye nyumba bila kuitwa, tupu, inakwenda kumtafuta mtu. Hakuna atakayekubali kuipokea. Ndiyo maana walimweka mtu ndani, hata wa kuchekesha.

"Basi imefika," mama alisema. "Tuone itakavyotoka."

Kuanzia hapo sikutulia.

Wa kwanza alikuwa mtoto aliyeungua kwa uji, na nilijivunia kila kona ya barabara ile. Wa pili alikuwa mtu aliyevimba jino. Kisha mzee aliyesema moyo unamuuma, na tulipofika Ngara mjini akanionyesha nyumba ya binti yake, akashuka na kuku wake wawili, akaniambia moyo umepoa. Nikamcheka, nikageuza, na njiani simu ikalia kutoka Murukulazo. Ilikuwa ya Thobias, mwenye ng'ombe mwekundu niliyemwekea matumaini yote, kwa sababu umoja wote ulikuwa unamtazama yule ng'ombe. Nilifika joto limeshapita. Ng'ombe alikuwa amelala chini anacheua, hana haja nami.

"Dokta," Thobias alisema, hana hasira hata kidogo, "hili gari ulinunua la ng'ombe au la meno?"

Nilikuwa nimenunua la ng'ombe. Lakini ningemwambia nini mtu mwenye jino? Ningemwambia nini mama anayesimama mlangoni na mtoto mwenye homa mikononi? Kila nilipotaka kusema leo siwezi, niliona ile siku moja ambayo ingekuwa kweli. Nikawa naoga simu ikiwa juu ya sabuni. Nikikaa kula, nasikia hatua za mtu njiani, naamka, kumbe ni mbuzi. Nikiwa Murukulazo mkono uko kwenye ng'ombe, sikio liko Mabawe; nikiwa zahanati na mgonjwa, sikio liko Murukulazo. Mama alianza kunitengea chakula kwenye kibakuli chenye mfuniko, kama cha msafiri.

Na kuna jambo lingine nililoliona nikalipita. Filimbi ilikuwa imenyamaza. Nilifikiri kilima kimepata afya.

Siku moja Thobias alinipigia tena. Ng'ombe mwekundu amerudi kwenye joto, na safari hii nilikuwa na njia nyeupe. Niliendesha mpaka bonde la Murukulazo ambako simu hazishiki mpaka mtu apande kilimani, nikafanya kazi yangu taratibu na vizuri, nikanawa, nikakubali kikombe cha chai. Nilirudi nikiimba. Ndipo kwenye njia panda ya kuingia kilimani kwetu nikaona wanawake wamesimama duara kando ya barabara, wameshika kanga zimekuwa ukuta.

Ndani ya ukuta ule alikuwa Anjelika, mke wa Minani. Alikuwa amejifungua pale pale kwenye majani. Mtoto alikuwa hai, amefungwa kwenye shati la baba yake, lakini Anjelika alikuwa mweupe midomo na damu haikutaka kusimama. Minani alikuwa amepiga magoti kifua wazi. Hakuniangalia.

"Mwingizeni," nilisema.

Niliendesha nisijue mashimo yako wapi. Mama mmoja alikaa mbele na mtoto. Anjelika alilala kiti cha nyuma, kichwa juu ya paja la Minani. Aliendelea kumsemesha mkewe njia nzima, maneno ya ovyo, kuhusu mbuzi, kuhusu shemeji yake mlevi, ili asisinzie. Zahanati walimwekea maji wakatuambia tumpeleke kituo cha afya haraka, nikampeleka. Huko walimwahi. Muuguzi alitoka akasema atapona, na mtoto yuko vizuri, ni wa kike.

Minani alikaa kwenye ngazi. Nikakaa ngazi ya chini yake.

"Tulikupigia sana," alisema.

"Bondeni kule simu haishiki."

"Ng'ombe amepata?"

"Minani."

"Nauliza tu. Ng'ombe amepata daktari, mke wangu amepata majani. Si lawama, nahesabu tu mambo yalivyo." Alijifuta midomo. "Nilipuliza filimbi, Ildefonsa. Nilipuliza mpaka mdomo ukafa ganzi. Wakatoka wawili. Wengine nilikuwa nawaona mashambani. Wameinuka, wameshika viuno, wanatazama barabara kama gari linakuja. Mama yako alishaishusha machela, iko pale uani, na mimi na watu wawili. Utabeba ncha nne na watu watatu? Tukaamua tumtembeze mpaka njia panda, tukusubiri. Zamani tungekuwa tumeshafika."

Hiyo zamani yake ilikuwa juzi tu, kabla sijaenda Biharamulo.

Nilirudi nyumbani, nikaikuta machela imerudishwa kwenye boriti. Sikuingia ndani. Nilitembea uani kutoka gari hadi baraza, kutoka baraza hadi gari. Niliwaza kuliuza. Luqmani angelipokea. Ningerudi kwenye pikipiki, mbegu zingekufa, umoja wa Murukulazo ungeniaga kwa upole, na kilima kingepata mabega yake. Au niendelee kulala na viatu, niwe gari la watu wote, na siku nyingine niwe bondeni tena, na mtoto wa siku hiyo asiwe na bahati ya huyu.

"Rudisha," mama alisema kutoka mlangoni.

"Gari?"

"Gari kwa nani? Gari ni lako. Kilicho chao si kile pale juu?"

Nilikwenda kwa Mzee Bizimana. Alikuwa anamenya ndizi za pombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nataka kurudisha machela."

Kisu kilisimama. "Iko wapi?"

"Nyumbani. Sijaigusa."

"Afadhali." Akaendelea kumenya. "Kwa hiyo unatunyima gari. Kwa sababu ya maneno ya Minani?"

"Sitaki kuwanyima. Mtu mzito nikiwepo nitambeba, nani atakataa? Lakini mimi ni mmoja, mzee, na gari ni moja, na kazi yangu iko Murukulazo. Nyinyi mlikuwa kila mahali. Mmenipa machela, mkalaza mabega pamoja nayo. Leo filimbi imelia, watu wakatazama barabara."

Nilimwona akiona aibu, kisha akaificha kwa ukali.

"Nami nilikuwa shambani," alisema. "Nilisikia. Nikasema, Dokta atakuwa njiani." Alitupa ganda. "Lakini kuna jambo lako moja. Haiwezi kutoka kwenu tupu. Haijaitwa. Mimi siipokei, na hakuna mtu wa kilima hiki atakayeishika. Na kwenu mko wawili, wewe na mama yako. Unataka kumlaza nani?"

"Mimi."

"Wewe huumwi."

"Na Bibi Generoza alikuwa haumwi."

"Bibi Generoza ana ugonjwa wa miaka. Wewe ni msichana. Msichana mzima akibebwa kwenye machela anakwenda kuolewa. Tulikuwa tukiwabeba mabibi harusi hivyo."

"Basi watu watacheka. Wacha wacheke, mradi wabebe."

"Hawatakuja," alisema. "Kwa mgonjwa hawakuja, watakuja kwa mzima?"

Hilo ndilo lililokuwa likinitafuna, na sikumficha. "Wasipokuja tutakuwa tumejua," nilisema.

Asubuhi ya kesho yake niliishusha machela na mama, tukaiweka uani, nikapanda, nikakaa. Mianzi ilikuwa baridi, inanuka moshi wa jikoni kwa Bizimana. Gari lilikuwa pembeni yangu, mtungi ndani, simu mkononi. Mzee Bizimana alisimama ukingoni, akapuliza filimbi.

Hakutokea mtu. Akapuliza tena. Nilisikia jogoo, nikasikia pikipiki mbali kwenye barabara kuu. Mama alisimama amejikumbatia. Nilitaka kushuka, miguu ilikuwa inacheza yenyewe. Nilifikiri, sasa nitafanya nini, nitakaa humu mpaka lini.

Aliyetokea kwanza ni Minani. Alikuwa ametoka kituo cha afya alfajiri, macho mekundu, na nilidhani amekuja kunitukana. Alifika akashika ncha ya mti mmoja, akaiweka begani, akasimama hivyo, mti mwingine ukiwa bado chini, machela imeinama upande.

"Nani mwingine?" aliuliza hewani.

Kisha nikawasikia. Walikuwa wanakuja kwa mbio, mmoja kutoka kwenye migomba, mwingine kutoka mtoni na ndoo bado mkononi, matope hadi magotini, wanahema. Walikuwa wanauliza kabla hawajafika. "Ni nani? Ni Mama Adelfina? Ni Dokta? Kapatwa na nini?" Niliona nyuso zao zilivyokunjamana kwa ajili yangu. Huyo wa ndoo aliniwekea kiganja kwenye paji la uso kama mtoto mwenye homa. Sikuwa naumwa, lakini nililia, na hiyo ikawatia hofu zaidi.

"Mzima huyu," Mzee Bizimana alisema. "Inarudi kwangu. Bebeni."

Walitazamana. Mtu mmoja, Habimana, fundi baiskeli, alisema, "Mzima? Nimeacha baiskeli ya watu imepinduliwa kwa ajili ya mtu mzima?" Nikaona anageuka. Nikaona mwingine anafuata kugeuka.

"Jana ulikuwa na baiskeli ya nani?" Minani alimwuliza, bila kupandisha sauti.

Habimana alisimama. Alivuta kamasi, akaja, akaingia chini ya mti wa pili. Wengine wakajaza. Wakaniinua.

Sijui niseme nini kuhusu kubebwa. Nilikuwa nimesoma, nimeandika karatasi kuhusu huduma za vijijini, nilikuwa sijawahi kulala chini ya anga lile likiyumba namna ile, pumzi za watu wanne pembeni ya masikio yangu. Wakibadilishana hawasimami, bega jipya linaingia chini ya mti na la zamani linatoka, mgonjwa asijue. Na mgonjwa haachwi anyamaze, hiyo ni sheria, ili roho isiteleze. Kwa hiyo walinisema kilima kizima.

"Huyu anakula nini? Naitrojeni?"

"Ni elimu hiyo. Inajaza mwili."

"Jibu, mgonjwa. Ukikaa kimya tutakumwagia maji."

"Nipo," nilisema.

Wanawake walitoka kwenye nyua zao. Mmoja akapiga kigelegele. "Harusi? Bwana harusi ni nani?"

"Ng'ombe wa Thobias," Minani alijibu, na machela ikatikisika kwa kicheko mpaka Mzee Bizimana akawakaripia wasimwangushe mtoto wa watu.

Katikati ya njia simu ililia. Ilikuwa Murukulazo. Mkono wangu uliruka.

"Mgonjwa hapokei simu," Habimana alisema.

Ililia mpaka ikakata. Ikalia tena. Ng'ombe wangu wote walipita kichwani, na joto lao, na umoja wao wenye upole. Lakini sikuweza kushuka. Ningeshuka, ingekuwa tupu.

Kwa Mzee Bizimana walinishusha taratibu. Mzee alishika miti yote miwili kwa mikono yake, akaiinua hadi chini ya paa la jikoni, akaifunga. Akawauliza zamu ya wiki ni ya nyumba zipi, na wenye nyumba wakasema. Hakuna aliyetazama barabara.

"Na gari?" Minani aliuliza.

"Gari ni nyumba kama nyumba nyingine," Mzee Bizimana alisema. "Litakuwa na zamu yake. Likiwa zamuni, lipo. Lisipokuwa zamuni, lina kazi zake. Likiwapo kwa bahati, tutashukuru." Alinigeukia. "Mbona umesimama? Si simu ilikuwa inalia?"

"Naweza kwenda?"

"Unaniuliza mimi? Zamu si yako."

Minani alinisindikiza mpaka kwenye gari, tukatembea upesi. Aliniambia mtoto wamemwita Iradukunda, yaani Mungu anatupenda. Alisema Anjelika ataruhusiwa siku si nyingi, na siku hiyo, kama gari litakuwa njia hiyo. Nilisema litakuwa. Alisema lisipokuwa, watapanda pikipiki, usikimbie. Aliposema usikimbie alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu njia panda.

Nilikimbia hata hivyo. Niliendesha hadi Murukulazo mtungi ukinung'unika nyuma. Si Thobias aliyepiga bali jirani yake, na ng'ombe wake alikuwa bado kwenye joto, amesimama anapanda wenzake, mkia umeinuka. Thobias mwenyewe alikuwa amekuja kusaidia kumshika.

Nilikuwa nanawa, sabuni hadi kwenye kiwiko, filimbi ilipolia. Ilikuwa ya kilima cha ng'ambo, si ya kwetu. Mabawe iko mbali na pale. Mkono wangu wenye sabuni ulikuwa umeshaingia mfukoni unatafuta funguo. Watu walikuwa wanashuka mteremko kule, wadogo kama siafu, wanakimbilia mahali pamoja.

"Hao wana watu wao, Dokta," Thobias alisema. "Sisi tumekusubiri wewe."

Niliwatazama mpaka nikaona wameinua kitu na kuanza kutembea. Ndipo nikatoa mkono mfukoni, nikanawa upya, nikavaa glavu.